Kadi ya Sura Tano

Wodi ya Watoto
Jumanne, 6 Februari

Baba Chiriku,

Salamu utazikuta mwishoni, karatasi ikibaki. Lori la saruji linarudi huko kwenu Ijumaa, na nisipoandika sasa hivi, binti yako akiwa amesinzia, sitaandika tena. Huku kukaa chini ni anasa. Nakaa, nasimama, natoka mpaka bombani, narudi. Mlinzi ameniuliza kama nimeajiriwa kupima korido.

Daktari aliniita kwenye kile chumba chake cha viti viwili. Wanaziacha zile dripu za kuua uvimbe. Amesema hazisaidii tena, zinamchosha mtoto bure. Amesema na mengine, nitakwambia ukija.

Sasa kuna muuguzi mpya. Yeye hatibu uvimbe, anatibu maumivu. Kazi yao wanaiita tiba shufaa. Mwanao amempa jina la Miwani, maana miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na mwenyewe huitafuta mezani. Ana kadi yenye sura tano zilizochorwa. Ya kwanza inacheka, ya tano inalia machozi. Mtoto anagusa ile inayofanana na anavyojisikia, wao wanajua wampe dawa kiasi gani.

Chiriku anagusa ya kwanza. Kila wakiuliza, ya kwanza. Anatabasamu kabisa, kama anapigwa picha. Wakigeuka tu anauma ukosi wa gauni lake. Kola yote imeshaliwa, Baba Chiriku, utadhani panya. Miwani ameniuliza, "Mama, huyu mtoto anamficha nani?" Wewe unajua?

Miwani anataka kumwanzishia mofini, dawa ya maji ya kunywa. Nimesema siwezi kukubali bila wewe. Tafadhali nijibu haraka. Mimi niko roho juu, mikono haitulii, nimeshawasuka wauguzi wote wa zamu ya asubuhi. Wodi nzima ina vichwa vizuri isipokuwa mtoto wangu ambaye hana hata unywele mmoja. Anasema yeye na dereva wa lori ni vipara wawili wa kampuni moja.

Karatasi imekwisha. Salamu hizo.

Mama Chiriku


Kambi ya Daraja
Jumapili, 11 Februari

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, haikubadilika.

Mofini hapana. Nimeandika kwa chaki ya kuchorea chuma juu ya kitanda changu ili nisije nikalegea: hapana. Kaka yangu walimpa dawa hiyohiyo. Asubuhi kanywa, jioni tunatafuta sanda. Sitaki kusikia habari za Miwani wala Darubini. Hao wakikosa la kufanya ndio wanaleta chupa hiyo. Mtoto wangu hajafika huko.

Na daktari anasemaje eti anaacha? Mimi nikichomelea nguzo ikagoma kushika, naiacha? Nasaga upya, nachomelea upya. Hospitali si moja. Mpeleke nyumbani apumue hewa ya kwao, ale chakula cha Bibi yake, mimi huku natafuta daktari mwingine. Hapa kambini hakuna mtandao wa simu, lakini msimamizi akienda mjini nitampa kazi ya kuuliza.

Mwambie shujaa wangu asisahau tulichokubaliana siku ile naondoka. Yeye anajua. Ni siri ya wanaume, mmoja wao ni msichana.

Usijichoshe na korido. Kaa chini, ule.

Mumeo, Baba Chiriku


Nyumbani
Jumanne, 20 Februari

Mume wangu mpenzi,

Tuko nyumbani. Utafurahi. Tangu juzi Chiriku analala usiku mzima, anaamka na mdomo wake ule usio na breki. Jana ameomba abebwe mpaka saluni kwangu, nimemweka kwenye kiti cha wateja na mito miwili. Ametia fora! Mteja mmoja alikuwa hajui achague mtindo gani, mwanao akamwambia, "Dada, kwa uso huo chagua wowote, kazi ni ileile." Nilitaka kutokea dirishani. Yule dada alicheka mpaka nikamkosea mstari.

Bibi anamlisha uji kwa kijiko kidogo, wanagombana nani ameshinda karata. Mama yako mwizi wa karata, sikujua.

Dawa wamebadilisha kidogo. Miwani huja kumwangalia hapa nyumbani. Usimkasirikie, ni mtu mwema.

Baba Chiriku, njoo. Najua daraja halijakwisha. Sina sababu ya kuandika hapa, njoo tu. Omba hata siku chache. Bibi jana alianza kusema "mficha maradhi..." akanitazama, akameza iliyobaki, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Njoo.

Mama Chiriku


Kambi ya Daraja
Jumapili, 25 Februari

Mke wangu, Mama wa Shujaa,

Nilisema! Sikusema? Niliposoma habari ya yule dada wa mtindo nilicheka mpaka kofia ya kuchomelea ikaanguka majini. Kipara wa lori ni shahidi, alikuwa bado anapakua saruji. Kambi nzima imeisikia barua yako. Mpishi ameniongezea nyama bila kuombwa.

Unaona sasa? Hewa ya nyumbani, chakula cha Bibi, na mtoto mwenyewe roho ngumu kama baba yake. Hakuna mofini wala nini. Nyie mngemlaza kwa chupa ile angekuwa wapi leo?

Sikiliza basi habari njema ya upande wangu. Msimamizi alikuwa anatafuta mafundi wa kubaki kwa daraja la pili, huko juu zaidi. Nilikuwa nasita kwa ajili ya mtoto. Barua yako ilipofika nikaenda kumpa mkono palepale. Nitarudi mvua zikikatika, nimkute amenenepa. Kipara anamletea begi la shule, jekundu, lina mifuko mingi kama alivyotaka. Muone mwalimu wake, arudi darasani taratibu.

Na hizo dawa za hospitali anza kupunguza. Mtu aliyepona anywe dawa za nini?

Mwambie tuliyokubaliana yanakaribia.

Mumeo mwenye furaha


Nyumbani
Alhamisi, 29 Februari

Baba Chiriku,

Begi limefika. Amelilalia, amelifanya mto. Sasa kaa chini, kama uko juu ya nguzo shuka kwanza.

Ni mofini. Inayomfanya alale ni mofini. Inayomchekesha, inayomfanya amtanie mteja wangu, ni chupa ile uliyoikataa. Nilipata barua yako ya hapana nikaikunja, nikaiweka chini ya sahani, nikasema sitampa. Siku hiyohiyo alijaribu kugeuka kitandani, akatoa sauti ambayo sitakuandikia. Nikamwita Miwani mwenyewe. Nilimpa kwa mkono wangu, nikamwaga kidogo kidevuni mwake, nikakaa namhesabia pumzi nikingoja afe kama kaka yako. Akaamka akaomba chai.

Nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Na niliandika furaha tupu kwa sababu ilikuwa kweli, alikuwa anacheka! Sikujua wewe huko utasoma kwamba amepona. Nimejitakia. Lakini hajapona, mume wangu. Uvimbe umetoka pajani umefika mapafuni. Hicho ndicho daktari alichoniambia kwenye chumba cha viti viwili, nami nikakwambia "mengine ukija." Hapana cha kusaga upya. Mtoto wetu anakufa. Nimeiandika, na sasa nimesimama, nimezunguka meza, nimerudi, bado imeandikwa.

Mama yako amesema nikuandikie hivi, na haya ni maneno yake: "Mwanangu, dawa haikumuua kaka yako. Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa kazini. Alikuwa anakata roho, walimpa saa za mwisho kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumekataa mwezi mzima, tukamwacha aunguzwe na maumivu. Mke wako asiguswe. Ukitaka wa kugombana naye, nipo." Nami sikumfundisha neno hata moja.

Na kuna hili. Miwani alikaa naye peke yao jana, akamuuliza mbona anagusa sura ya kwanza tu hata akiumwa. Unajua alijibu nini? "Nikigusa ya kulia Baba haji." Mlikubaliana nini siku ile? Ulimwambia nini mwanangu?

Usinijibu mimi. Njoo umjibu yeye.

Mama Chiriku


Nyumbani
Alhamisi, 7 Machi

Baba Chiriku,

Lori limekuja. Nilimkimbilia Kipara na vitana vyangu mfukoni. Mkono mtupu. Anasema barua yangu alikupa, ukaisoma, ukarudi juu ya nguzo, ukachomelea mpaka wenzako wakakuzimia umeme. Basi. Kasirika. Lakini kasirika ukiwa hapa.

Leo dawa imekwisha. Kwenye chupa hamna, na hospitali ipo ila imefungiwa. Dawa hii inakaa kabati la chuma la peke yake, ufunguo anao mfamasia mmoja, naye kasafiri kwenye harusi na ufunguo wake kiunoni. Daktari anayeruhusiwa kuandika yupo, karatasi imeandikwa, ina sahihi na muhuri, kabati haliambiliki! Miwani ametoka asubuhi kumfuata huyo mfamasia, kamba ya kiatu shingoni, sijui atampata wapi. Wametupa dawa nyingine ya kushikilia. Haishikilii.

Nimefagia uwanja mara ngapi sijui. Jirani ameniuliza kama nina wageni. Mwanao ananiomba kalamu. Nampa, maana sina kingine cha kumpa.

Mama Chiriku


(ndani ya bahasha hiyohiyo)

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Hapo nimeshaanza kudanganya lakini Bibi anasema barua haifutwi futwi.

Miwani kaniambia ile kadi si mtihani. Mimi nilijua ni mtihani na jibu ni ya kwanza. Hata wewe ulisema, "Siku nikisikia huumwi ndiyo siku nitakayokuja kukubeba begani twende tukaone daraja." Nikajikaza. Nilikuwa nagusa ya kwanza hata mguu ukiwa unawaka moto. Halafu Mama akanipa dawa tamu yenye uchungu ndani na kweli nikawa siumwi, nikasema sasa Baba anakuja. Ukaleta begi.

Begi zuri. Lina mifuko saba. Nimeweka vitu kwenye miwili tu.

Leo dawa hakuna. Leo ni sura ya tano. Nilitaka kuandika ya nne lakini ni ya tano. Sasa sijui kama utakuja. Kama sheria ni ileile basi usije sijakasirika. Lakini kama sheria inaweza kubadilishwa, njoo Baba.

Najua habari ya mapafu. Nyie watu wazima mkiongea jikoni mnadhani ukuta ni mzito. Mama akilia anawasha bomba la maji, tutaishiwa maji.

Nimemwambia Mama asisome barua hii. Mama, acha kusoma.

Msalimie Kipara mwenzangu. Yeye anaweza kuota nywele akitaka, anajinyoa makusudi, nimemgundua.

Mimi, Chiriku


Ndani ya lori
Jumatatu, 11 Machi

Chiriku wangu,

Mwandiko huu usiucheke, Kipara anaendesha kama anafukuzwa. Barua hii naileta mwenyewe. Nitakusomea, kwa sababu najijua, nikikuona mdomo utagoma, nitabaki nimesimama mlangoni kama nguzo.

Sheria nimeifuta. Ilikuwa sheria mbovu, fundi aliyeitengeneza alikuwa mwoga. Nilidhani nikikwambia usiumwe utaacha kuumwa. Nilitaka kwenda kazini na moyo mwepesi, nikakubebesha wewe mzigo wangu. Mimi nina mabega, nikauweka kwako.

Barua ya Mama niliisoma nikaificha kwenye boksi la vyuma. Nilikuwa nimemkasirikia, kisha nikamkasirikia daktari, halafu nilipokwisha kuwakasirikia wote nikabaki mimi. Ndipo ikaja yako. Hiyo sikuweza kuificha popote.

Sheria mpya ni hii: ukiumwa, sema. Piga kelele. Gusa ya tano mpaka kadi itoboke. Naja kwa sababu unaumwa. Hapa nilipo nishakuja, bado barabara tu.

Sijui kama dawa imepatikana. Kama bado, nimechukua mtungi wa gesi na bomba la kukatia chuma. Uko hapa miguuni kwangu, Kipara anauogopa. Kabati ni chuma tu, mwanangu, na chuma ndiyo kazi yangu. Wakinifunga, Miwani atanisemea.

Nimemwambia msimamizi wa daraja la pili atafute fundi mwingine. Alinitazama akanipa maji ya njiani.

Baba


Nyumbani
Jumatano, 24 Aprili

Baba Chiriku,

Barua zako tangu urudi kambini nimezipata. Zote zinasema, "Mimi ni mzima, kazi ya kumalizia inaendelea, usijali." Nimezisoma kama nasoma gazeti la mtu mwingine.

Basi nikupe habari za huku. Mfamasia amepita saluni kuomba radhi. Anasema tangu asikie habari ya safari yako anaota ndoto za mtu amesimama mlangoni kwake na mtungi wa gesi. Nimemwambia ashukuru Miwani alikuwa amewahi na chupa kabla lori halijafika, la sivyo kabati lake lingekuwa geti la nyumba ya watu. Siku hizi funguo ziko mbili, wa pili unakaa kwa daktari. Angalau mtoto wa mama mwingine hatangoja harusi iishe.

Watu wananiambia nipumzike. Nikikaa najikuta nimesimama. Asubuhi napima dawa. Nachukua kijiko, natafuta chupa, ndipo nakumbuka. Juzi nimemsuka mteja, nikafumua, nikamsuka tena, masikini akadhani ndio mtindo. Begi sijalitoa kitandani. Mifuko sita ina vitu sasa, nadhani alijaza siku zile ulipokuwepo. Mmoja una kofia ya chupa ya mofini.

Nakumbuka ulivyombeba. Daraja lilikuwa mbali mno, ukamzungusha mtaa mzima kwenye bega, dawa mfukoni, mimi nyuma na mto, Bibi nyuma yangu na kiti, utadhani tunahama. Akawa anawapungia watu kama kiongozi. Tuliporudi Miwani akamwonyesha kadi, akagusa ya pili. Ukamuuliza, "Mbona si ya kwanza, na umecheka hivyo?" Akasema, "Mguu unauma kidogo, na mimi siku hizi sidanganyi." Nawaza hiyo nikiwa nafagia. Alilala bila kuuma kola. Alikwenda hivyohivyo, kola ya gauni jipya ikiwa nzima.

Jana Miwani alikuja kunywa chai. Wanakuja hata mtoto akishaondoka, sikujua. Akaiweka kadi mezani, akasema safari hii ni yetu. Bibi aligusa ya nne. Nikamwambia, "Mama, na macho hayo?" Akasema ya tano ni ya mzazi, yeye hawezi kumpita mzazi.

Mimi niligusa ya tano. Nilipogusa nikakaa chini, na kwa mara ya kwanza sikusimama.

Nimeiomba kadi ile. Imo ndani ya bahasha hii. Usiniandikie tena kwamba u mzima. Gusa, unirudishie. Na ole wako unipe ya kwanza.

Mama Chiriku


Kambi ya Daraja
Jumapili, 28 Aprili

Mama Chiriku,

Kadi nairudisha. Ile alama nyeusi ni dole gumba langu, masizi ya kazi, nilinawa hayakutoka. Usiulize iko juu ya sura gani, tazama mwenyewe. Nilibonyeza kwa nguvu, imepita hadi upande wa pili.

Huku wanadhani macho yangu yamekuwa mekundu kwa moto wa kuchomelea. Niliwaacha wadhani. Leo nimemwambia msimamizi ukweli. Kumbe naye ana mtoto aliyemzika, miaka yote hii hajasema.

Ameniruhusu kuanzia Alhamisi. Naja. Sisubiri upone.

Mumeo